Wimbo Unakwama Kwenye Jina la Bénita

Mama Annonciata, wewe unayesikiliza shida za watu kwa redio, pokea salamu zangu na unisaidie, maana peke yangu nimeshindwa. Mimi ni Deborah Nyiramahirwe, tulikimbia vita kutoka Kibumba na mama yangu Donatille, tuko hapa kambini Kanyaruchinya, chini ya shitingi, yale maturubai ya misaada, juu ya mawe ya volkano, na shida yangu ukiisikia mwanzo utakasirika, utasema watu wanakufa na huyu analia juu ya gitare, lakini nakuomba uisome mupaka mwisho.

Mimi ninatunga nyimbo za korali. Maneno na sauti vinanijia vyenyewe, kule kwetu vilikuwa vinanijia hata katikati ya mashu, zile kabichi zetu, nikiwa ninapalilia, lakini akordi, zile sauti za gitare zinazofuatana chini ya wimbo, sijawahi kuzipata mwenyewe, alikuwa anazitafuta kaka yangu mukubwa Dieudonné. Nilikuwa ninamuimbia mara moja tu, anafunga macho, anasema, “Rudilia pale katikati,” halafu vidole vyake vinaanza kutembea na wimbo unasimama. Mimi alinifundisha do, fa na sol, akasema hizo zinatosha kwa kuanza, zingine zitakuja.

Hazikuja. Vita ndiyo ilikuja. Siku mabomu yalipoanguka nyuma ya kanisa kila mutu alishika barabara ya Goma, Dieudonné akanipa gitare yake, akasema, “Mupeleke mama, mimi ninafungua ng’ombe, nitawakuta njiani,” na hatukumuona tena. Tangu tufike hapa kila wimbo ninaotunga unageuka kuwa uleule, do, fa, sol, do, fa, sol, hata wanakorali wananicheka, “Deborah, huu si ule wa juzi, umeuvalisha tu nguo ingine?”

Halafu kipindupindu kikamuchukua Bénita, mutoto wa jirani yetu hapa kambini, Mukamazimpaka. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye korali yetu. Mama yake alikuja akanishika mikono, akasema, “Deborah, muimbie mwanangu, nataka jina lake lisikike.” Paroko ameweka misa ya watoto waliokufa kambini, ni Jumapili ya wiki ijayo. Wimbo niko nao, maneno niko nayo, lakini nikifika pale panapotajwa jina la Bénita, akordi inakataa. Nikiweka fa inakuwa kama harusi. Nikiweka sol ni kama ninawaambia watu wasimame waende kwao. Nimekaa hapo mupaka vidole vikatoka malengelenge, na jina linabaki linaning’inia, hakuna kitu chini yake.

Ndipo Barthélemy Twizeyimana, kijana wa Masisi aliyefika kambini nyuma yetu, akanisikia akaomba gitare. “Imba,” akasema. Nikaimba, na pale kwenye jina akabonyeza kitu ambacho sikuwahi kukisikia chini ya sauti yangu, nikashindwa kuendelea, nikalia, kwa sababu ndiyo ilikuwa akordi yenyewe. Kumbe mama amesimama mulangoni.

“Nani amekupa ruhusa?” akamuuliza.

“Mama, ananionyesha tu,” nikamujibia.

“Hiyo gitare iko na mwenyewe! Dieudonné akirudi, akute mutu mwingine amekaa kwenye nafasi yake? Umeshamuzika mwanangu akiwa muzima?”

Akaichukua, akaisukuma chini ya kitanda, na tangu siku ile hakuna kuigusa.

Sasa, mama mushauri, sikia ile ambayo sijamuambia mutu. Dieudonné amekufa. Hategekimana, tuliyekuwa majirani naye Kibumba, alirudi kule kwa siri kuchimba viazi, akamukuta kando ya malisho, akamuzika kwa mikono yake mwenyewe. Aliniambia mimi, akaniachia mimi kazi ya kumuambia mama, nikasema ngoja apate nguvu kidogo, halafu nikasema ngoja misa ipite, na wakati huo kila mara watu wapya wakifika kambini mama anakwenda kuwauliza, mwanangu ni murefu, ana kovu kwenye nyusi, hamukumuona? Watu wanamuonea huruma, wanamudanganya. Mumoja amemuambia alimuona Bunagana akibeba mizigo kwenye mupaka. Mama ameshapata muchuuzi wa kumupitisha barabara ya Rutshuru, mule mule kwa wenye silaha, na wataondoka Jumatatu, misa ikiisha. Nifanye nini? Gitare niichukue kwa nguvu? Niimbe bila hiyo? Akordi nitazitoa wapi, na mama nitamuambia kwa mudomo gani? Nisaidie, na ninakuomba usinitaje.

Jibu la Mama Annonciata

Deborah mwanangu, pole. Pole ya Dieudonné, na pole ya yule mutoto. Pole yako nimekupa, sasa nitakugombeza.

Kwanza, barua yako sikuisoma kwa redio. Mama hawezi kusikia kifo cha mwanawe kwenye redio ya jirani akiwa amesimama na kidumu cha maji. Jibu hili ninalituma kwa mukono wa paroko wenu, na hewani halitapita mupaka wewe mwenyewe uniruhusu.

Angalia ulivyoandika. Akordi umezipa karibu karatasi nzima, na mama anayetaka kupita katikati ya bunduki kumutafuta mutu ambaye wewe unajua kaburi lake, umemupa kipande cha mwisho. Unaniuliza habari ya gitare na mama yako anafunga mizigo! Unasema unangoja apate nguvu. Nguvu atazitoa wapi hapo, kwenye baridi ya shitingi, kwenye kula mara moja kwa siku? Wewe unajilinda, Deborah, usiuone uso wake. Ninakuelewa, hata mimi nisingependa kuuona. Lakini akifa kwenye ile barabara, hautapata mutu wa kumulaumu isipokuwa wewe.

Kwa hiyo muambie leo. Usiwe peke yako. Muite Hategekimana, juu yeye ndiye aliyeona, na mama atakuwa na maswali ambayo wewe hauna majibu yake. Muite Mukamazimpaka akae karibu naye, ni mama aliyezika, atajua kumushika. Halafu sema neno lenyewe: amekufa. Usiseme “amelala”, usiseme “wanasema”. Ukimuachia kadirisha kadogo, atapitia hapo hapo mupaka Bunagana. Anaweza kukupiga, anaweza kukulaani. Usijitetee, na usitoke.

Sasa muziki, maana nao si upuuzi, usifikiri ninaudharau. Yule mama aliomba jina la mutoto wake lisikike, na umemukubalia. Unakwama kwa sababu unatafuta kwa vidole, na vidole vinajua njia tatu tu. Acha gitare, imba ule mustari kwa mudomo, ukifika kwenye jina shikilia hiyo sauti, ujiulize ni sauti gani. Kama ni sauti inayoitwa la, basi la inakaa ndani ya fa, inakaa ndani ya re mineur, ile re ya huzuni, inakaa ndani ya la mineur. Fa umeshaikataa. Zimebaki mbili, zijaribu na wenzako kwa mudomo, sikio lako litachagua. Fanya vile vile kila mahali unapokwama. Na Barthélemy, muombe akufundishe, muchana, mbele ya watu, mama akiwa anaona. Hakuna ubaya hapo. Kaka yako alikupa do, fa na sol ili uanze, hakukuambia ubaki hapo maisha yako yote.

Na kama mama hataitoa gitare, usimunyang’anye. Imbeni hivyo hivyo, bila nyuzi. Koo munazo.

Ukimaliza kusoma, simama uende kwa Hategekimana.

*

Wasikilizaji wangu, Deborah ameniruhusu kusoma yote haya, na majina yake yote. Alinirudishia maneno haya:

Mama Annonciata, nilimuambia. Nilisema neno lile lile, akanipiga kofi, halafu akaniangukia kifuani, Mukamazimpaka akatushika sisi wawili. Bunagana hakwenda. Muchuuzi aliondoka bila yeye. Lakini siku nyingi hakuniongelesha, kwa sababu nilijua na nikamuacha aendelee kuuliza watu, na hapo yuko na haki.

Jumapili hakuja misani, na gitare hakuitoa. Ile sauti ya jina, kweli, ilikuwa ile uliyoiita la, na re mineur ndiyo Barthélemy alibonyeza siku ile, nimeitambua mwenyewe. Basi akordi hiyo tuliigawa kwa wanaume, mumoja akashika re, mwingine fa, Barthélemy akashika la, na sisi tukaliweka jina la Bénita juu yao. Mama yake alisikia. Hakulia, aliinua uso tu, akabaki hivyo mupaka wimbo ukaisha. Mimi ninalia kila siku, sikudanganyi. Nyimbo zingine bado zinakwama, na sasa ninajua hakuna wa kuniambia “Rudilia pale katikati.”

Uliniambia mama atakuwa na maswali. Alikuwa na moja tu. Ile siku Hategekimana alikaa kwenye kizingiti, kichwa chini, hakuthubutu kuingia. Mama alipoweza kusema, alimuangalia, akamuuliza, “Ulimufunika na nini?”

“Na koti langu, mama.”

 Mama akavuta sufuria kutoka pembeni, akafunua kifuniko.

“Ingia, mwanangu,” akamuambia. “Kaa, ukule.”