Kete za Baba Zilizokuwa Zikirudi Nyuma

Kaloleni, nyuma ya ukumbi,
Nairobi.
Jumapili, 24 Oktoba 1999

Mpendwa Shangazi Phelister,

Salamu nyingi zikufikie huko Lusaka. Mguu unaendeleaje? Vivian wako alituandikia kwamba umeanza kuukanyaga bila fimbo, nasi tukamshukuru Mungu papo hapo mezani. Na Mzee Mwansa je, kile kifua kimetulia? Sisi hapa tu wazima. Mvua za vuli zimeanza na matope ya Kaloleni unayajua.

Najua Baba mdogo Luseno alikuandikia kwamba akili ya kaka yako imeondoka. Shangazi, si kweli. Kama umelia, pangusa machozi kwanza, halafu uendelee kusoma. Nitakueleza yote yalivyokuwa.

Tangu kiharusi cha Machi, mdomo wa Baba umepinda na maneno yake hayaeleweki, hata kwangu mimi ninayelala chumba cha pili. Mkono wa kulia umelala. Daktari alisema akili haikuguswa, lakini mtu asiyeweza kusema ataithibitisha vipi? Nilimpa kalamu ashike kwa mkono wa kushoto. Unajua alivyokuwa karani, mwandiko wake ukisifiwa ofisi nzima. Alipoona herufi zinatambaa kama za mtoto wa chekechea, aliitupa kalamu chini ya kabati na hajataka kuiona tena.

Ndipo ndugu yangu Wesonga akatutumia kompyuta kutoka Toronto, imebebwa na rafiki yake aliyekuja likizo. Tuliiunganisha na simu ya mezani ili yeye na Baba wacheze drafti kwenye intaneti, Baba akisogeza kete kwa mkono wa kushoto. Siku za kwanza nilimwona akinyoa ndevu kabla ya kukaa mbele ya skrini. Wewe unakumbuka alivyokuwa pale ukumbini: watu walikuwa wanatoka Makongeni kuja kufungwa naye.

Lakini alianza kushindwa. Kila mchezo. Wiki mbili zilizopita Wesonga akapiga simu, sauti imekauka. “Nangila, Baba hayupo tena,” akaniambia. “Anaacha kete zinaliwa bure. Mara nyingine anakaa tu mpaka saa ya mchezo inamwishia. Tusijidanganye.” Kumbe alikuwa amekwisha kuongea na Baba mdogo. Walikuwa wameamua wawili hao: Baba apelekwe kijijini Kimilili, nyumba hii ya kupanga irudishwe kwa halmashauri, na mimi nitafute chumba mahali, labda Tassia. Baba mdogo angekuja jana, Jumamosi, na pikapu.

Na mazoezi ya mkono anayofanyiwa kliniki je? Wiki ile ile daktari alikuwa amesema vidole vinaanza kuitika. Nilipouliza, Wesonga alisema mazoezi ni ya mtu anayeelewa anachofanyiwa.

Baba alikuwa ameketi hapo hapo, Shangazi. Sauti ya simu ile inasikika chumba kizima. Aligeuza uso ukutani, na uji wa jioni hakuugusa.

Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Walipoanza kucheza, sikuutazama mchezo. Niliutazama mkono wa Baba. Alisogeza kete mahali pazuri kabisa. Ikatulia. Halafu ikarudi yenyewe ilikotoka! Akaisogeza tena. Ikarudi. Mara maandishi yakatokea kwamba muda wake umekwisha, ilhali alikuwa amecheza zamani. Baba akapiga meza kwa kiganja, akanitazama kwa macho mekundu, kama mtu aliyefungiwa ndani anayegonga na hakuna anayefungua.

Mchezo wake ulikuwa haufiki Toronto. Ulikuwa unachelewa njiani, na Wesonga kule alikuwa anaona mzee anayeduwaa. Wala tusingeweza kulinganisha, kwa sababu laini ni moja: ukicheza hupigi simu, ukipiga simu huchezi. Nilimwandikia Wesonga barua pepe. Akanijibu kwamba kwake michezo mingine yote inakwenda sawa, na kwamba anaelewa ni vigumu kwangu kukubali.

Basi Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mjini kwa Aweys, anayeuza vifaa vya kompyuta. Nilimweleza yote. Akaniambia modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na simu, ndicho cha kubadilisha. Akaniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa mpya, kadi nyembamba ya kuingizwa ndani kama ile niliyokuwa nayo, lakini yenye kasi zaidi. Ya pili ilikuwa imetumika, sanduku zito la kukaa nje, lenye taa nyekundu mbele.

“Chukua mpya, dada,” Aweys akasema. “Kila mtu anataka kasi.”

“Mvua ikinyesha simu yetu inakwaruza,” nikamwambia. “Ipi haitayumba?”

Akakuna kidevu. “Hii ya ndani inaitegemea kompyuta kwa kila kitu, na yako umesema ni nzee. Laini ikikwaruza, itakuwa inarudiarudia. Hii kuukuu inajifanyia kazi yake yenyewe. Ni ya polepole, lakini inashikilia. Ila siwezi kukuapia. Ikikataa, irudishe Jumatatu.”

“Jumatatu babangu atakuwa Kimilili.”

Akamgeukia mteja mwingine. Nilisimama pale, mkono juu ya hii, mkono juu ya ile, wateja wananisukuma mgongoni. Kasi ilinivuta, nikwambie kweli. Lakini Baba hakuhitaji kasi, alihitaji kufika. Nikachukua lile sanduku.

Nyumbani niling'oa pia waya wa simu ya chumbani, ule unaopita chini ya mkeka na umekanyagwa miaka yote, usije ukaongeza mikwaruzo. Ijumaa tulijaribu na mtu asiyejulikana, sijui wa nchi gani. Kete za Baba zilikwenda, hazikurudi. Lakini siku hiyo jua lilikuwa linawaka.

Jumamosi ikaamkia mvua. Baba mdogo alifika mchana, pikapu imefunikwa turubai, godoro ndani. Nilimpikia, akala. Aliposimama kuanza kukunja nguo za Baba, nikamshika mkono. “Baba mdogo, mchezo mmoja tu. Wesonga anangoja, kwao ni asubuhi. Baada ya hapo sitakuzuia.”

“Unamwaibisha mzee mbele yangu, Nangila.”

“Mmoja tu.”

Modemu ikalia kwa ule mlio wake wa kukwaruza, halafu ikanyamaza. Haikushika. Baba mdogo akapumua kwa nguvu na kuendelea kukunja shati. Nikapiga tena. Ikalia, ikalia, nami nimeshika ukingo wa meza. Taa zikawaka zote.

Wakaanza. Baba alicheza pole pole, mvua inapiga mabati huwezi kusikia mtu. Katikati ya mchezo taa moja ikazimika na skrini ikaganda. Saa ya Baba ilikuwa inahesabu. Nilifumba macho. Nilipofumbua, taa ilikuwa imerudi na kete yake imekaa pale pale alipoiweka. Shangazi, nilikuwa nimeuma mdomo mpaka damu.

Halafu Baba akasogeza kete ikaliwa. Akasogeza nyingine, ikaliwa pia. “Umeona?” Baba mdogo akasema kwa uchungu. “Anazitupa. Wesonga alisema hivyo hivyo. Zima, mama, inatosha.”

Nilinyoosha mkono, sijui kama ni kuzima au kumzuia. Kabla sijaamua, Baba alivuta kete moja kutoka pembeni, ikaruka, ikaruka, ikaruka tena, ikazila kete za Wesonga mpaka ikafika mwisho na kuwa kingi, mfalme wa kete.

Baba mdogo aliliachia shati likaanguka. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia skrini. “Huu mtego,” akasema taratibu. “Huu mtego alinifunga nao tukiwa wadogo, tukicheza kwa vifuniko vya soda. Nililia mpaka mama akamchapa.” Akamgeukia kaka yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu Machi kumtazama machoni. “Kaka, uko?”

Baba akacheka. Mdomo umepinda, mate yanatoka, lakini alicheka.

Chini ya mchezo kuna mahali pa kuandika ujumbe. Wesonga akaandika: BABA NI WEWE? Nilitaka kujibu, Baba akaniondoa mkono. Kidole chake cha kushoto kikatafuta herufi, moja baada ya nyingine. Hapo kila herufi hutoka imenyooka, hakuna mwandiko wa kumwaibisha. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliandika: NIULIZENI MIMI.

Baadaye Wesonga alipiga simu, na badala ya kuomba radhi aliniuliza nimenunua modemu gani. Nilimjibu vizuri, lakini bado nina donge moyoni. Ukimwandikia, mkanye wewe, atakusikia.

Baba mdogo ndiye aliyeuliza, amepiga magoti kando ya kiti, mtu mzima na koti lake la safari. “Basi kaka, sema. Unataka kukaa wapi?”

Baba akaandika kwamba atakaa hapa mpaka amalize mazoezi, na kwamba nyumba isirudishwe. Desemba atakwenda Kimilili mwenyewe, kwa siku atakayochagua yeye. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuinuka. Akanivuta nguo nikae. Akaandika tena: PHELISTER AJE. NINA MANENO NAYE.

Nilimuuliza ni maneno gani nikuandikie. Akatikisa kichwa. Aliandika kwamba ni yako na yake, na kwamba atakuandikia mwenyewe ukiwa umeketi karibu naye.

Kwa hiyo, Shangazi, omba likizo mapema. Baba mdogo amerudi Kimilili leo alfajiri na amesema yeye ndiye atakayekupokea kituoni. Msalimie sana Mzee Mwansa, na Vivian, na Sylvance, na umwambie Sylvance kwamba babu yake anamtafuta kwenye drafti. Mungu aulinde mguu wako, akufungulie njia, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Nangila