Mkoromo Tuliousifu

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonipokea nayo. Siku ile mwanao Otieno aliponileta Rangwe kutoka kwetu Ntimaru, boma zima liliniangalia kwa Kijaluo. Wewe peke yako ndiye uliyenionyesha mahali pa kukaa. "Nyar Ntimaru," ukaniita, binti wa Ntimaru, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini wewe kaa kwanza." Nilicheka, woga ukapungua. Leo nina neno la kukuambia, Baba, na afadhali ulisikie kwangu.

Mwaka uliofuata kifo chako nilijifungua mvulana. Mkeo, Mama, akasema umemjia ndotoni ukitaka jina, basi tukamwita Odera kama wewe. Wapo walionong'ona kwamba damu yangu ya Kikuria haiwezi kubeba jina lako. Halafu mtoto akaanza kukoroma. Alikoroma vile vile ulivyokuwa ukikoroma kwenye kiti chako cha barazani baada ya chakula cha mchana, mpaka wapita njia wakapunguza mwendo. Mama alipomsikia alipiga vigelegele. "Jaduong' oduogo!" Mzee amerudi! Tangu siku hiyo hakuna aliyenong'ona tena.

Nikautumia ule mkoromo, Baba. Wageni wakija nilimlaza sebuleni makusudi ili wasikie. Kanisani alikoroma juu ya mahubiri, na mchungaji akatania kwamba hata Mzee Odera wa kwanza hakuwahi kumaliza ibada akiwa macho. Watu wakacheka, nami nikatoka kanisani kifua mbele. Ndoa haikunifanya mtu wa boma lako. Mkoromo ule ulinifanya.

Lakini nilikuwa nasikia na jambo lingine. Katikati ya mkoromo alinyamaza. Kifua kilihangaika bila hewa kuingia, shingo ameitupa nyuma, mto umelowa jasho, kisha akashtuka kama mtu aliyetolewa majini na kuendelea. Nilisikia. Ningesema nini? Kwamba mzee wenu amerudi na kasoro? Nikafunga mdomo. Alipokojoa kitandani nilimchapa. Mwalimu wa nasari aliposema anasinzia darasani, nilimwambia amchape na yeye. Mtoto wa miaka mitano, Baba. Naona aibu hata kuiandika.

Kilichotuokoa ni kikohozi. Nilimpeleka zahanati, akasinzia mapajani mwangu tukingoja zamu, akaanza kukoroma. Nikamwambia nesi kwa maringo, "Hiyo ni sauti ya babu yake." Hakucheka. Alimtazama mpaka mtoto akanyamaza, akaniuliza, "Mama, huyu mtoto hapumui. Unangoja nini?"

Nesi akatuandikia barua ya hospitali kubwa. Huko Nairobi walimfunga mkanda kifuani, nyaya kichwani na kibanio kidoleni, akalala hivyo mpaka asubuhi. Daktari akatandaza karatasi mezani, mimi na Otieno tukainama. Palipokuwa na mstari wa pumzi uliolala bapa, hapo mtoto hakupata hewa, na chini yake mstari wa oksijeni ulikuwa umeteremka. Alisema mtu mzima pumzi ikimkatika mara chache kwa saa hawashtuki sana, lakini kwa mtoto hata mara moja kwa saa si jambo la kawaida. Ya Odera, katika saa moja, ilikatika mara nyingi kuliko vidole vyangu. Kila ilipokatika mwili ulimwamsha kidogo ili avute hewa, kwa hiyo hakuwa akilala vizuri, na ndiko kulikotoka kusinzia, na hata kulowesha kitanda. Mafindofindo yake na nyama za nyuma ya pua zilikuwa zimeziba njia. Zikitolewa, watoto wengi hupona. Baada ya miezi kadhaa apimwe tena, na kama bado, kuna mashine ya kumsukumia hewa puani kwa barakoa. Otieno aliuliza maswali. Mimi niliangalia zile sehemu bapa tu. Nilikuwa nazijua.

Mama alikataa. "Sasa wakikata hiyo kitu," akasema, "Mzee atakaa wapi?" Sikuweza kumlaumu, maana mimi ndiye niliyeutembeza ule mkoromo kwa watu. Nikapiga magoti nikamwambia yote, kwamba nilijua, na kwa nini nilinyamaza. Akaniuliza, "Wewe ulifikiria tutakufukuza?" Angenitukana ningeumia kidogo kuliko vile. Kesho yake alifunga kitenge akaandamana nasi hospitalini.

Tulirudi wiki iliyopita. Koo linapona, anakunywa uji uliopoa. Na analala kimya, Baba. Kimya hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Namwekea kiganja kifuani, nahesabu pumzi, nasahau hesabu, naanza tena.

Siku uliyofariki nilikuwa pale barazani, upande wa mbali kama heshima kwa baba mkwe inavyotaka, nikichambua majani ya kunde. Ulikuwa ukikoroma. Kisha mkoromo ukakatika. Sikuinua hata kichwa. Nilingoja urudi, kama sote tulivyozoea kungoja, na nikamaliza kunde zote. Walisema ulikufa kifo cha heri, usingizini, nami nikaitikia. Daktari alipouliza kama yuko mtu wa ukoo aliyekoroma hivyo, nilisema babu yake. Swali lililofuata lilikuwa langu, na sikuthubutu kuliuliza.

Sijui kama ningekuwahi. Najua sikuinuka. Mtoto naye nikamfanyia vile vile, na safari hii nilikuwa naona.

Jina lako lipo. Jana Mama aliita "Odera!" kutoka jikoni, mtoto akaitika kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, Mama akatabasamu akaendelea na moto wake. Muda ukifika tutamrudisha Nairobi apimwe tena, hata boma zima likisema amepona.

Pumzika, Baba. Mtu akinyamaza tena nyumbani kwako, nitaziacha kunde chini.

Mimi,
Nyar Ntimaru