Viraka vya Suruali ya Besiboli

Shikamoo mama,

Jua la Johannesburg linawaka, lakini ukiingia kivulini meno yanagongana. Leo nilikuwa na kaka Shabani kwenye duka lake la ushonaji hapa Mayfair, akaingia bibi mmoja na suruali nzito ya sufu. Marehemu baba yake aliivaa msimu mzima kule Marekani, miaka ya hamsini, akicheza besiboli ya kulipwa. Pajani ina viraka vitatu, kimoja juu ya kingine! Shabani akashika wembe avifumue, aweke kimoja kizuri. Bibi akamdaka mkono.

"Eish, hapana! Wadudu wametoboa goti, shona hapo tu. Viraka hivi baba alivishona mwenyewe ndani ya basi la timu. Kila kiraka ni siku aliyojitupa chini uwanjani, akateleza kwa paja ili aguse kituo kabla mpira haujafika."

Timu yao ilishika mkia, anasema, lakini baba hakuacha kujitupa. Nikavigusa kwa heshima. Mshono mdogo mdogo, kama wako.

Mungu akuhifadhie macho ya kutunga uzi. Na ile kaptula yangu ya shule uliyoitia viraka, nikaona haya kuivaa: kama hujaifanya dekio, mama, nitunzie.

Mwanao, Hamza