Sanduku la Mchungaji

Jumatatu, 9 Machi 1998
Nimefua tena, nguo hazikauki. Kuta za Guangzhou mwezi huu zinatoka jasho kama mtu mwenye homa. Kabla ya chai nimewasalimu wa nyumbani Voi mmoja mmoja, mbele za Mungu, kama kila siku. Baba Wakesho na mgongo wake. Mama mkwe na macho yake. Mwakio na shule yake. Mghoi mdogo. Jirani yetu Mama Saida, anayetupokelea simu dukani kwake. Mwisho Wakesho wangu, miaka kumi na saba, na kifafa chake. Huyo namtaja mara mbili.

Halafu soko la Zhanqian, nguo za watoto za duka langu. Halafu kwa fundi seremala. Mchungaji wetu ameniagiza Sanduku la Agano, la kuweka madhabahuni. Alinipa picha iliyokatwa kwenye kitabu cha watoto wa shule ya Jumapili, na vipimo kwa dhiraa. Fundi hajui dhiraa. Nikamnyooshea mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akaupima huku anacheka. Mkono wangu mfupi. Sanduku la Mungu limepimwa kwa mkono wa muuza nguo. Sikupenda.

Jumatano, 11 Machi
Zuhura wa Dar es Salaam, tunayekaa naye chumba kimoja hotelini, amenisindikiza kwa fundi. Yeye anajua Kichina cha sokoni. Kaona zile mbao, kauliza, "Mama Wakesho, jeneza la nani hili?"

Nikamwambia anyamaze asije akafa. Alicheka mpaka akachuchumaa. Mimi sikucheka. Katika Maandiko, ng'ombe wa mkokoteni walipojikwaa, Uza alinyoosha mkono alizuie Sanduku lisianguke. Alitaka kusaidia tu. Akafa hapo hapo. Kuhani mkuu mwenyewe aliingia nyuma ya pazia mara moja kwa mwaka, na damu mkononi. Hapa fundi anapaka gundi na sigara iko mdomoni.

Nilisimama mlangoni. Sikuingia.

Ijumaa, 13 Machi
Nimepiga simu kwa Mama Saida. Wakesho alianguka juzi jikoni, mkono umeungua. Ameacha vidonge tangu nilipoondoka. Mchungaji amemwambia vidonge ni kukosa imani, asubiri Sanduku, yeye atakuwa wa kwanza kuligusa.

Nikaomba aitwe.
"Mwanangu, meza dawa."
"Mama, si wewe mwenyewe unalileta?"
"Meza kwanza."
"Ulisema unaniletea dawa kushinda ya hospitali."

Nilisema kweli. Siku ya kuondoka, mbele ya akina mama wa kanisa, kwa furaha. Mdomo wangu huu. Leo sitaki hata kujiona kwenye kioo.

Jumamosi, 14 Machi
Simu kwa Mchungaji. Nimemwomba amrudishe mtoto kwenye vidonge. Kasema nisiingilie mambo ya madhabahu. Halafu, kwa ile sauti yake tamu, kasema nihakikishe hakuna andiko la Kichina hata moja. Watu wataambiwa limetoka Yerusalemu.

Nikajibu ndiyo, Mchungaji. Ndiyo! Mtu mzima mimi, na mwanangu ameungua. Namchukia leo. Najichukia zaidi.

Jumatatu, 16 Machi
Limekwisha. Linang'aa, rangi ya dhahabu ya kopo. Pete nne, miti miwili ya kubebea, makerubi wawili wanatazamana juu ya kifuniko. Ila macho yao yamezibwa kwa karatasi nyekundu. Nikauliza kwa nini.

Kumbe kazi ya kila siku ya huyu fundi ni kuchonga miungu ya kuwekwa majumbani. Zuhura alimsikiliza, akamwomba arudie mara mbili, ndipo akanieleza. "Anasema ndiyo desturi yao. Ukiifikisha sanamu kwako unamwita mtu wa dini, anasali, ndipo karatasi inatolewa. Kabla ya hapo ni mbao. Anasema bado hakuna mtu ndani."

Fundi akaongeza neno. Zuhura akacheka. "Anasema yeye hauzi mungu, shoga. Anauza mbao."

Huyu ninayemwita mpagani hathubutu. Mchungaji wangu anathubutu.

Nikaingia. Nikaweka mkono juu ya kifuniko, katikati ya makerubi, pale ambapo zamani Mungu alikaa na Israeli wakatetemeka. Nikafumba macho. Nilitaka awepo, hata kama ni kwa kuniua. Rangi ikaninata vidoleni. Basi. Baridi kama meza.

Lingekuwa la Mungu lisingeagizwa, wala nisingeligusa nikabaki nimesimama. Na kama si lake, litamponya nani? Nimechelewa kuelewa.

Jumanne, 17 Machi
Nimemwambia Mchungaji kwa simu sanduku haliji. Lilikuwa tayari kupakiwa, nimeliacha kwa fundi, nikarudishia mlango.

"Wewe uliyeishia darasa la nne utanifundisha Maandiko?"
"La nne, ndiyo. Nimeligusa na bado niko hai."

Kanitoa umoja wa akina mama papo hapo. Wale niliopika nao misibani, niliowalelea watoto, sasa watanipita sokoni kama hawanijui. Inauma. Sijui nitasali wapi. Kontena limefungwa likiwa na nguo tu.

Alhamisi, 19 Machi
Mvua. Zuhura ameenda mji wa Xintang kuangalia jinzi. Chumba kimya.

Nimetuma faksi posta ya Voi, Mama Saida ataichukua. Nainakili hapa nisije nikasahau nilichosema.

Wakesho mwanangu. Sanduku siji nalo. Nimeligusa kabla yako. Ni mbao na gundi. Nilikuahidi kitu nisichokijua, unisamehe. Usidhani nimemwacha Mungu. Namwogopa kuliko zamani, ndiyo maana sikuletei. Meza kidonge leo ukipata karatasi hii, na kesho, na kesho kutwa. Mkono usiupake majivu, nenda kliniki. Mama Saida ana namba ya hoteli. Apige, aseme neno moja tu, kwamba umemeza. Nimekaa karibu na simu. Nijibu upesi.