Bastola ya Mzee Harlan

Columbus, 3 Aprili 2024

Mama mpenzi,
Nakusalimu katika jina la Yesu. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima hapa mtaani Linden, ni uchovu wa kubeba mizigo depo tu.

Bon, ile bastola ya baruti niliyokuachia Pasaka ni ya Mzee Harlan, yule niliyemhudumia Louisville; alinikabidhi nimtunzie. Ilikuwa ya babu yake. Tarehe saba Julai anatimiza miaka tisini, na anataka aishike tena, asikie kigurudumu cha risasi kikizunguka. Hapa tunalala watano chumba kimoja, ndiyo maana nimekutwika mzigo. Haina risasi. Itoe kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi huvuta unyevu, uipake mafuta kila mwezi.

Mwanao, Zéphyrin

Buffalo, 26 Mei

Mwanangu,
Amani ya Bwana iwe kwako. Mgongo unauma, tunamshukuru Mungu. Unakula?

Nilitaka kukutii. Nilipofungua mfuko nikamwona baba yako amelala pale mlangoni petu Uvira siku ile ya risasi, damu kifuani. Mikono ikakataa. Donc nikawaita wamama wa maombi. Tuliinyunyizia maji ya chumvi yaliyoombewa, tukairudisha mfukoni, chini ya kitanda. Tangu Aprili nalala vizuri.

Mama yako

Columbus, 1 Juni

Mama,
Leo naruka salamu, unisamehe. Chumvi inakula chuma. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa, ndipo ipakwe mafuta. Mikono ikikataa, mwite jirani Athanasi. Ningekuja, ila bosi hatoi ruhusa mpaka Julai. Nimemwahidi mzee.

Mwanao

Buffalo, 14 Juni

Mwanangu,
Salamu nyingi. Athanasi ameosha, amesugua, amepaka. Kutu imeingia ndani. Kigurudumu hakizunguki. Nimepiga magoti, lakini sijui niombe nini. Nisamehe.

Mama yako

Louisville, 12 Julai

Mama,
Habari tangu tuagane hapo Buffalo, nilipokuja kuichukua bastola? Mimi mzima, roho ndiyo haijatulia.

Nilimfikia mzee siku yenyewe ya kuzaliwa kwake. Macho yake hayaoni tena, akaipapasa kwa vidole. Akajaribu kuzungusha, akajaribu tena. Akauliza, “Uliisahau, kijana?” Ningeanzia wapi kumweleza habari za Uvira? Nikasema ndiyo, niliisahau. Akanirudishia, akageukia ukuta.

Jana alifariki. Bastola iko kwenye gari. Sijui niipeleke wapi.

Mwanao

Buffalo, 20 Julai

Mwanangu,
Pole. Lawama yangu umeibeba wewe, na siwezi tena kwenda kumwambia.

Ilete hapa. Nimenunua mafuta. Mikono bado inataka kukataa, lakini nitaipaka mwenyewe kila mwezi, hata kama haitazunguka. Ukifika, kula kwanza.

Mama yako