Mama Wakwe wa Igombe

Igombe, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaandika hata hiyo shikamoo, mjukuu wako amenitoa machozi. Kabula alikuwa amekaa hapa mlangoni na gunzi lake alilolivisha kitambaa. Ndiyo mtoto wake, analibeba na kulinyonyesha. Mara akalilaza chini, akachukua mwiko, akalipiga mpaka kitambaa kikachanika, huku analiambia kwa sauti nzito, nyamaza, nyamaza, nani atakusikia. Kisha akaliokota, akalifuta vumbi, akalipa ziwa. Mama, hayo ni maneno ya baba yake, hakuongeza wala kupunguza. Nilidhani alikuwa mdogo mno kukumbuka. Nimemnyang'anya mwiko, nimemkumbatia, ndipo nikasema barua hii siiahirishi tena.

Hamjambo huko nyumbani? Mguu wa Baba unaendeleaje, na wewe kifua chako? Sisi huku ni wazima. Kabula amenenepa, ukimbeba utasema umebeba gunia la mahindi. Mimi pia nakula. Dagaa wanapatikana vizuri, shida yetu ni mvua tu. Nimeona niandike kwa sababu simu yako Baba huiweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikia. Barua hii nampa kaka Maige. Mdogo wangu Gladness akusomee mkiwa wawili tu, kule mnakooshea vyombo, na asiruke neno hata akiona aibu.

Ujumbe niliupata. Maige alinieleza kwamba wazee wa kina Masalu watakuja hapo Jumapili pamoja na mwenyewe, kwamba mume wangu amepoa, anataka nirudi, na kama sirudi basi apewe mtoto wake, kwa kuwa ng'ombe walishatolewa. Akasema Baba anaelekea kukubali, na wewe umenyamaza. Yote hayo aliyasema anaangalia ziwa, hakuniangalia mimi. Nilimwambia jibu langu litakuja kwa karatasi, ndilo hili. Lakini kwanza nikueleze ninavyoishi, maana najua huko wanasema niko Mwanza najiuza.

Nilipofika huku nilikuwa kama maiti iliyosahauliwa kuzikwa. Aliyenipokea ni Mama Getruda, mjane, Msukuma mwenzetu wa Magu, mkubwa wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa hapa Igombe. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliangalia vidole vyangu viwili vilivyopinda, akasema kugeuza dagaa hakuhitaji vidole vyote, kunahitaji mwenzako. Na ni kweli. Tunaanika juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, na kuwageuza lazima mshike wavu huku na huku, muinue pamoja, mtikise pamoja. Mmoja akizubaa, dagaa wote mchangani, na dagaa wa mchanga hana mnunuzi.

Nikapangwa na Safia, mama wa Kiislamu wa mjini, ana maneno huyo. Siku za mwanzo, mwanamume yeyote akikohoa nyuma yangu, hata mvuvi wa watu anayepita na kasia lake, mikono yangu ilikuwa inakufa, wavu unaanguka. Unajua Masalu hukohoa kwanza ndipo apige. Nilingoja wanifukuze. Safia akasema hao wenye mchanga atampelekea wifi yake wa Kiseke, maana yule ana meno mengi kuliko maneno mazuri. Wakacheka, tukaokota. Kesho yake walibadilisha kazi, mimi nikawekwa katikati ya wavu mrefu, mtu huku na mtu huku, ili mikono ikifa wavu usianguke. Hawakunieleza sababu, waliniambia tu simama hapa.

Tukichambua tunakaa mduara, na mwenye la kusema analisema. Precious, msichana wa rika langu, alisema jinsi mume wake alivyommwagia uji wa moto kifuani kwa sababu haukuwa na sukari. Hakuna anayeshauri, hakuna anayeuliza ulimfanya nini. Ukimaliza, aliye kulia kwako anakusogezea fungu lingine la dagaa, mnaendelea. Siku niliyosema yangu, nilisema alivyonikamata nywele akanipigiza kwenye jiwe la kusagia, alivyonikanyaga mkono kwa kisigino mpaka nikasikia vidole vinavunjika kama vijiti vya kuwashia moto, nilivyomeza damu ili Kabula asiione. Nikamaliza. Precious akanisogezea dagaa. Nikachambua. Baada ya hapo usingizi ulianza kunirudia.

Sasa nikueleze Masalu alivyokuja, maana najua huko hakusema. Ilikuwa asubuhi, tumeinua wavu, nikasikia kikohozi, na safari hii hakikuwa cha mvuvi. Alikuwa amelewa, ana panga. Alianza na nyavu, akazikatakata, dagaa wakamwagika. Akasema amefuata mali yake na atakayemzuia atamchinja kama kuku. Safia alisimama mbele yangu na mti wa chanja, akamwambia, kaka, hapa hakuna mali yako, hapa kuna dagaa, nunua au pita. Masalu akamkata mkono juu ya kiwiko. Nyama ilifunguka, nikaona mfupa mweupe, damu ikarukia dagaa. Akamshika Kabula mguu, akamvuta kutoka mgongoni kwangu, kanga ikachanika, mtoto akaning'inia kichwa chini analia mpaka sauti ikakatika. Nilimng'ata mkono. Akanipiga ubapa wa panga usoni, nikaona giza.

Hapo ndipo Mama Getruda alipokuja. Hakukimbia, alitembea. Alimfikia karibu kabisa, akamwambia kwamba yeye ni Getruda wa Magu, huyu Sabina amemzaa hapa mchangani, kwa hiyo yeye ni mkwe wake, na amwangalie. Masalu akageuza uso. Mama, unajua watu wa kwao walivyolelewa, mama mkwe akipita njiani wao wanajitupa kwenye mihogo wasionane naye uso kwa uso. Akataka kupita kushoto, Precious akasimama akasema na mimi ni mkweo. Kulia akamkuta mwingine, mkweo. Nyuma, mkweo. Hata Safia, damu inamchuruzika, akasema na mimi ni mkweo, ingawa ng'ombe wako sikumla hata mchuzi. Masalu akabaki katikati, amezungukwa na wakwe, macho chini, panga mkononi, hawezi kumgusa hata mmoja. Matusi alitukana, lakini aliutukana mchanga. Mama Getruda akanyoosha mikono, akampokea Kabula kama unavyompokea mtoto kwa mkunga. Kisha mduara ukaanza kutembea, na yeye ndani yake, mpaka barabarani.

Huko wavuvi walikuwa wamefika. Walimpiga makasia mpaka taya likavunjika, na wangemmaliza kama Mama Getruda asingewapigia kelele kwamba maiti haijibu kesi. Polisi walimchukua, ndugu zake wakamtoa kwa dhamana. Kesi ya mkono wa Safia bado ipo. Sasa umeelewa kwa nini amepoa ghafla. Mke akirudi nyumbani, itasemwa ni ugomvi wa nyumba umekwisha, nani atasimama kumshtaki?

Baada ya siku hiyo, Mama Getruda alikaa kwenye mduara akasema lake, ambalo hakuwa amewahi kulisema. Alikuwa na binti, Minza, aliyeolewa karibu na kwao. Siku moja mchana alimpelekea unga. Alipofika akasikia ndani binti anapigwa. Akasimama nje ya mlango wa mkwe wake, unga kichwani. Akajiambia mama mkwe haingii chumbani kwa mkwe, atangoja atoke. Akangoja. Kulipokuwa kimya akashukuru kwamba yamekwisha. Minza alikuwa ameshakufa.

Nilikuwa nimekaa kulia kwake, zamu ya kumsogezea dagaa ilikuwa yangu, na mikono ikanifa. Haikufa kwa sababu ya Masalu. Mama, nilikuwa nakuona wewe.

Ile siku ya michembe, vile viazi vikavu ulivyotuletea. Ulikuja kumwona Kabula anaumwa, ukakaa jiko la nyuma kwa sababu tulijua Masalu yuko mnadani. Akarudi mapema. Ndani ya nyumba kubwa alinipiga teke la tumbo, na nilikuwa na mimba ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Nilianguka kifudifudi, na chini ya mlango, pale mchwa walipokula ubao, niliona miguu yako. Kandambili ile uliyofunga kamba yake kwa waya. Nilikuita. Niliita Mama, siyo yowe la kila mtu, nilikuita wewe. Miguu ikasogea, ikarudi nyuma, ikasogea tena. Kisha ikaondoka. Hospitali ulinishika mkono ukawaambia nimeteleza kisimani, na mimi nikaitikia. Wewe hukusema ulikuwepo, na mimi sikusema nilikuona. Mtoto alikuwa wa kiume. Nesi alinionyesha wewe ukiwa umetoka kutafuta chai.

Sikuandikii kukulaumu. Nilikulaumu mpaka nikachoka, nilikulaumu kuliko hata nilivyomlaumu Masalu, ndiyo maana sikupiga simu muda wote ule. Lakini nilipomsikia Mama Getruda nilijua miguu ile ilikuwa inataka kuingia. Na mimi siyo Minza. Mimi niko hai, nakuandikia.

Jumapili wazee watasema ni ugomvi wa kawaida wa mke na mume, hakuna aliyeona. Wewe ulisikia. Nakuomba usimame mbele yao, umwangalie mkweo machoni, useme ulichosikia na mlango uliosimama mbele yake. Najua ninalokuomba ni aibu kubwa, na Baba atakasirika. Mama Getruda anasema yuko tayari kuja kukaa ubavuni kwako, na Safia anasema atakuja na mkono wake uliofungwa, wazee wajionee jinsi Masalu alivyopoa. Mimi sirudi, useme usiseme. Lakini ukinyamaza watakuja kumchukua Kabula wakiwa na idhini ya Baba, na hapo itamwagika damu nyingine hapa Igombe, sijui itakuwa ya nani.

Nisalimie Baba, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie Gladness na umshukuru kwa kusoma, najua analia hapo. Mama Getruda anakusalimu sana, anakuita dada yake. Kabula hajui kukusalimu kwa maandishi, ila ameweka kidole chake hapa pembeni, hilo doa ni lake na la mafuta ya dagaa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Sabina

Nimesahau kitu. Kikao kikiisha, hata Baba akisema nini, panda gari uje. Usiogope maji, siku hizi pale Kigongo mnapita juu ya daraja, kivuko mnakiacha. Ukishuka Igombe ulizia akina mama wa dagaa, kila mtu anatujua. Nyumba yangu ni ile ya mwisho kuelekea mawe makubwa. Naitwa, Mama, wingu limeshuka upande wa Ukerewe na nyavu zimejaa, Safia anapiga kelele kwamba yeye ana mkono mmoja tu, nani anamshikia huku. Ukifika mlangoni kwangu usisimame nje, wala usibishe hodi, sukuma uingie, hata kama unasikia kuna mtu ndani, hata kama