Mpira Kwenye Mpini wa Winchi

Huruma, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na kaka yangu Javan. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba jino la Mama limetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya Julai hapa Eldoret imenivisha sweta mbili. Najua utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Nina maneno ambayo kwenye simu ungeyakata katikati, nami nataka uyapate mpaka mwisho.

Kwanza mzigo. Ndani ya gunia mna pedeli ya chuma, waya wake na boliti nne. Ni ya ile winchi mliyonunua mwezi wa tatu, inayowavuta watu na mawe kutoka shimo lenu la dhahabu huko Migori. Tafadhali usiitupe kabla hujamaliza kusoma.

Najua unavyoichukia winchi hiyo. Ile ya zamani ukishaiwasha ilijiendea, ukanywa uji na kubishana siasa huku kamba ikipanda. Hii mpya inataka mpini ukandamizwe muda wote, na ukiuachilia tu, breki inaisimamisha kamba papo hapo. Ndiyo maana umeufunga mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Siasa zimeendelea vizuri, na Javan ananing'inia kwenye kamba isiyoshikwa na mtu.

Utauliza nimejuaje. Ubavuni mwa winchi kuna nambari ya simu ya wateja. Umeipiga mara kumi na moja. Mara ya kwanza ulimwambia madam anayepokea kwamba aliyetengeneza mashine hiyo hajawahi kuona shimo isipokuwa la choo. Mara ya tatu ulitaka kujua kama fundi ni mlevi au alizaliwa hivyo. Mara ya sita ulisema madam mwenyewe hana adabu, aende mtaa wa Elgon View akafundishwe na binti yako Amondi, anayefanya kazi kwenye kliniki ya meno na kuongea na watu kwa upole. Madam akakuomba msamaha kwa sauti nyembamba ya puani, akayaandika yote kwenye daftari.

Mwenye karakana inayotengeneza winchi hizo, Mama Chepkorir, si mtu wa kucheka ovyo, lakini alipolisoma daftari hilo ilibidi atoke nje. Aliporudi alisema kwamba wateja wengi wamefunga mipini yao hivyo hivyo. Mtu akinunua breki halafu aifunge, alisema, basi kuna mahali tumemuumiza, na akatutuma tutafute ni wapi.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita ukapiga tena, na hukutukana. Ulieleza kwamba mpira ulikatika asubuhi, na kabla hujapata mwingine, nyuki akakuuma sikioni. Uliruka ukauacha mpini, Javan akiwa katikati ya shimo. Winchi ikasimama. Akabaki hapo mzima kabisa, akiwalaani nyuki wote wa kaunti kwa sababu hawezi kukulaani wewe. Ulisema uliketi chini. Halafu ukasema, polepole, kwamba umeshafunga mpira mwingine, maana vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi tangu mwaka jana na huwezi kukandamiza mpini kutwa nzima. Ukamsihi madam asimwambie yeyote, kwa kuwa nyumbani hakuna anayejua.

Madam alikata simu akalia, Baba. Madam ni mimi.

Hakuna kliniki ya meno. Ipo, lakini ninachoijua ni geti lake, kwa sababu tulilitengeneza sisi. Yale maji ya chumvi niliyomwagiza Mama asukutue, nilikisia tu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi uliyonikataza, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Na yule fundi uliyeulizia ulevi wake ni mimi vilevile. Ile breki niliichomelea kwa mikono yangu. Nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa, na jambo hilo linaniaibisha sana. Breki hainiaibishi hata kidogo.

Pedeli hii ni ya mguu. Mkono utapumzika, hata kikombe cha uji utashika. Ukiinua mguu, kamba inasimama. Nimeizungushia boksi la chuma, kisha nikashinda siku mbili nikijaribu kuifunga kwa mpira kwa ujanja wako wote ninaoujua tangu utotoni, na nimeshindwa. Mama Chepkorir sasa anaiweka kwenye kila winchi, na watu waliokuwa wakitutukana wameanza kutuletea majirani zao.

Habari ya vidole nakupa mpaka Jumapili ijayo umwambie Mama mwenyewe. Baada ya hapo nitamwambia mimi.

Adhabu yoyote nitaipokea. Ninaomba kitu kimoja tu: kata huo mpira kabla Javan hajashuka tena. Na kama hasira haitakuruhusu kufunga pedeli leo, basi mwite apande, mketi wote wawili juu ya ardhi, mnikasirikie pamoja.

Msalimie Mama, na majirani wote wa uji.

Ni mimi binti yako, fundi,
Amondi